Biro ya Bel-Air inayoeleza sheria za kusomesha watoto nyumbani kule Marekani: maoni yangu

Wazazi wenzangu wa Lubumbashi na nyinyi wote wenye ndugu kule Kentucky, Ohio, Texas, Iowa na kwingineko, naandika hii ju najua tuko wengi tunaopigiwa simu usiku kuulizwa mambo ya shule ya kule na hatuna jibu. Kuko biro ndogo hapa Bel-Air, chumba kimoja nyuma ya duka la fotokopi, kuna dada mmoja aliyetumika miaka mingi kwenye ofisi ya shule kule Indiana, sa amerudi nyumbani na kazi yake ni kukusomea sheria ya shule ya lile jimbo ndugu yako anaishi, kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, mpaka uelewe. Saa moja ni dola 15. Mimi nilienda kwa ajili ya watoto wa mudogo wangu wa Louisville na nasema toka mwanzo, hii pesa haikupotea. Kuko vitu havikunifurahisha na nitavisema vyote, lakini kama una mtu kule anayetaka kutoa mtoto shuleni amsomeshe mwenyewe nyumbani, anzia pale kabla hujasikiliza mtu mwingine yeyote.

Mudogo wangu na bwana yake walipata loto ya visa, wakaenda na watoto watatu. Yule wa katikati ana miaka 11, hapa alikuwa mtoto wa kusoma kweli, biletini zake, zile ripoti za alama, ninazo mimi kabatini. Kule wakamuweka kwenye klase ya umri wake, ni sawa, lakini Kiingereza hajui, anakaa kimya tangu asubuhi mpaka basi la shule limrudishe, na kila Jumapili jioni tumbo linamuuma. Mama yake akasema namtoa, nitamsomesha mimi mwenyewe hapa nyumbani mwaka mmoja, akishika lugha atarudi. Na mimi nilifundisha primere (shule ya msingi) mpaka nikastaafu, nikamwambia yaya wako, dada yako mkubwa, niko, hesabu na sayansi nitafanya na yeye kwa video, na Kifaransa kisipotee. Tukapanga vizuri. Alafu habari ikaingia kwenye grupu ya familia na moto ukawaka.

Mjomba wetu mmoja: "Batakufunga! Kule mutoto ni wa serikali, batamukamata!" Binamu wa Dallas: "Hapana, kule hakuna shida, unabaki naye tu mu nyumba, hauandikie mutu." Binamu wa Columbus naye anaapa kwamba kila mwaka lazima mwalimu mwenye cheti ampime mtoto na majibu yatumwe kwa wakubwa wa shule. Kila mmoja ana hakika, kila mmoja anaishi kule, sa wewe uliye huku utamwamini nani? Mudogo wangu akanitumia sauti moja ya kulia, "Yaya, minaogopa." Na mtu akiogopa njo anakula hasara, ju kabla ya kufika Bel-Air tulipita mahali pengine hapa mjini, sitapataja, wanajaza formu za visa na mambo kama hayo, wakatuambia watatutafutia "otorizasyo" (ruhusa) ya Kentucky ya kusomesha nyumbani, dola 100, nusu inatangulia. Naomba mnisikie vizuri: Kentucky haitoi otorizasyo ya namna hiyo. Haiko. Kuna barua tu, mzazi anaandika mwenyewe, anatia sahihi, anatuma, bure. Nilikasirika mpaka usingizi ukakataa, ju mudogo wangu ile dola 100 anaitolea jasho usiku kucha kwenye depo ya mizigo.

Sa turudi kwa dada wa Bel-Air. Sikuwa hata nimekaa vizuri, swali la kwanza: "Mama, jimbo gani? Na distrikti ya shule gani?" (Distrikti ni eneo la shule lenye mkubwa wake.) Nikasema Marekani. Akasema hapana Mama, Marekani haina sheria ya nchi nzima ya kusomesha mtoto nyumbani, majimbo yote 50 yanaruhusu lakini kila moja limeandika masharti yake. Sisi huku tumezoea ile loi-cadre ya 2014, sheria kuu ya elimu, ni moja kutoka Lubumbashi mpaka Mbandaka, njo maana tunatafuta sheria moja ya kule na tunagombana bure kwenye grupu. Louisville iko kando ya mto Ohio, ukivuka daraja tu uko Indiana, na ni kama kuvuka Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, mto ni ule ule, watu ni wale wale, lakini karatasi zimebadilika. Upande wa Indiana mzazi halazimishwi kutuma taarifa kwa mtu, anafundisha siku 180 na kutunza rejista ya mahudhurio. Upande wa Kentucky unaandika barua. Dakika moja ya daraja!

Na pale pale vita vya familia vilikwisha, ju alinionyesha kwamba binamu wa Dallas hakusema uongo, Texas kweli haiombi taarifa, mahakama yao kuu ilikubali mwaka 1994 kwamba nyumba inayosomesha watoto ni shule ya binafsi, basi mzazi awe na mtaala wa kweli wenye kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema, imetosha. Na binamu wa Columbus pia hakusema uongo, ila alikuwa anasema ya zamani: Ohio ilikuwa na mambo ya saa 900 na kumpima mtoto kila mwaka, ikaondoa, sheria mpya ilianza Oktoba 2023, sa ni taarifa tu kwa mkubwa wa distrikti, ndani ya siku 5 ukianza au ukihamia, na kila mwaka kabla ya tarehe 30 Agosti. Yaani mtu anaweza kuishi pale pale na sheria ikabadilika nyuma ya mgongo wake. Hiki kitu kilinishika sana. Ndugu wa kule anatuambia kitu kwa moyo mzuri, na kinaweza kuwa kilikuwa kweli mwaka 2021, na wewe unakibeba kama Injili.

Namna anavyofanya kazi njo nimeipenda kuliko vyote. Anageuza kompyuta ikuangalie wewe. Anafungua ukurasa wa wizara ya elimu ya lile jimbo lenyewe, si video ya mtu, si posti ya mtu, na chini yake kifungu cha sheria chenye namba. Anaweka rula ya plastiki kwenye skrini chini ya mstari, anasoma Kiingereza, anasema kwa Kiswahili, alafu anakuomba urudie kwa maneno yako huku unaandika kwenye kaye. Ukiongeza kitu ambacho hakipo anakukatiza, kwa heshima lakini anakukatiza: "Hiyo nayo, Mama, onyesha mustari." Nilisema "na lazima mwalimu awe na diplome ya ualimu," onyesha mstari. Haupo. Nilisema "na enspekta anapita kila mwezi," onyesha mstari. Haupo. Ndani ya nusu saa nilikuwa nimeanza kujiuliza mwenyewe kabla hajaniuliza.

Sa nitoe yale ya Kentucky kama nilivyoandika, yatafaa wengi ju Louisville na Lexington zimejaa watu wetu. Mtoto analazimika kusoma kuanzia miaka 6 mpaka 18. Nyumba yenye kusomesha inahesabiwa kama shule ya binafsi. Kila mwaka, ndani ya siku 10 za kwanza toka masomo yaanze, mzazi anamuandikia mkubwa wa distrikti, kwetu tungesema su-proved, mkubwa wa elimu wa eneo, majina ya watoto, umri wao na mahali wanaishi. Saa za mafundisho zisipungue 1,062 na siku zisipungue 170. Piga hesabu, 1,062 gawanya kwa 170, ni kama saa 6 na dakika 15 kwa siku. Nilipomtumia mudogo wangu hiyo namba akanyamaza kidogo, ju yeye alikuwa anawaza saa mbili tatu asubuhi akitoka kazini, alafu alale. Hapa hakuna mchezo, hii ni kazi nzima juu ya kazi nyingine. Masomo ni kusoma, kuandika, tahajia, sarufi, historia, hesabu, sayansi na uraia. Rejista ya mahudhurio inatunzwa, na ripoti za alama pia, kila kipindi kama shule za serikali zinavyofanya, na watu wa distrikti au wa wizara wana haki ya kuomba kuviona.

Kuhusu kumtoa mtoto katikati ya mwaka, hapo alipunguza mwendo. Alisema watu wetu wengi wanaanza kwa kumbakiza mtoto nyumbani, barua watafikiria baadaye. Kentucky, siku 3 tu bila sababu inayokubaliwa, sheria tayari inamwita mtoto huyo mtoro. Tatu! Kwa hiyo barua kwanza, mtoto baadaye, na barua nyingine kwa shule yenyewe ijue kwamba ameondoka, na nakala unabaki nayo, na kama unatuma kwa posta unatuma ile ya kusainiwa. Ule uoga wa mjomba wa "batamukamata" unatokea hapa, si kwa ju kusomesha nyumbani ni kosa, ni ju mtu alikaa kimya na kompyuta ya shule ikahesabu siku.

Mimi nikamuuliza swali la mwalimu: wanapata wapi hiyo haki? Akafurahi na swali, akafungua katiba yao ya jimbo ya 1891, sehemu ya 5, ambapo imeandikwa kwamba hakuna mtu atalazimishwa kumpeleka mtoto wake kwenye shule ambayo dhamiri yake inaikataa, na mwaka 1979 mahakama kuu ya Kentucky ilitumia maneno hayo hayo kuikataza serikali ya jimbo kuzilazimisha shule za binafsi ziwe na walimu wenye cheti cha serikali na vitabu vilivyochaguliwa na serikali. Nikamwambia na sisi tunayo, kifungu cha 43 cha katiba yetu ya 2006, wazazi wana haki ya kuchagua namna ya elimu ya watoto wao, kifungu hicho hicho kinachosema primere ni ya lazima na ni bure kwenye shule za serikali. Tulizungumza hapo kama walimu wawili na saa ilikuwa inahesabika lakini sikujali.

Alafu lugha. Mpango wangu wote ulikuwa hesabu na sayansi kwa Kifaransa, ju njo lugha yenye mtoto alisomea na njo lugha yenye mimi nafundishia. Akarudisha rula juu, kifungu cha 158.080, shule za binafsi na za dini zifundishe kwa Kiingereza. Akasoma mara ya pili. Hakunilainishia. Alisema kwa maoni yake hakuna atakayekuja kumkataza mama mukubwa kama mimi kumwelezea mtoto kitu kigumu kwa lugha anayoisikia, na Kifaransa kama somo hakina shida, lakini zile saa 1,062 utakazoandika kwenye rejista ziwe za masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza, ju siku wakiomba kuona, ni mudogo wako atakayesimama mbele yao, si wewe wa Lubumbashi. Maneno hayo yalinikaa. Sisi wa huku tunapenda kuongoza familia kwa simu, tunatoa amri, na sahihi ni ya mwingine.

Hapo njo akafanya kitu ambacho mfanyabiashara wa kawaida hafanyi. Aliuliza: "Mutoto iko anapata masomo ya Kiingereza saa ngapi kwa juma, kule kumasomo?" Hatukujua. Mudogo wangu alikuwa kwenye simu, naye hakujua. Akasema basi leo siandiki barua ya kumtoa. Akatueleza kwamba toka 1974, kesi ya watoto Wachina wa San Francisco iliyofika mpaka mahakama kuu ya nchi, shule ya serikali haiwezi kumweka mtoto asiyejua lugha kwenye benchi na kusema tumempokea, inapaswa kumsaidia ashike lugha, na hiyo ni haki ya mtoto, na msaada huo uko shuleni, ukimtoa unauacha pale. Nendeni muulize shule kwanza. Mkisharudi na jibu, kama bado mnataka barua, tutaandika. Dola 15 ya saa nyingine, ya kuandika barua, angeipata siku ile ile na hatungejua. Aliikataa.

Mudogo wangu akaenda, akauliza kwa maneno aliyoandikiwa kwenye karatasi, na kweli mtoto akaongezewa kikundi cha Kiingereza mpaka mwisho wa mwaka. Tumbo la Jumapili halikuisha lote lakini lilipungua. Wazazi wake wakakaa, wakazungumza naye pia mtoto mwenyewe, wakaamua amalize mwaka kisha aanze nyumbani Agosti pamoja na mwaka mpya wa masomo, barua ikaenda ndani ya zile siku 10, distrikti ikajibu fupi kwamba imepokea. Hakuna polisi, hakuna mtu kufungwa. Mjomba amenyamaza kwenye grupu. Baba anachukua hesabu na sayansi kwa Kiingereza ju yeye anakisikia zaidi, mama anachukua kusoma na kuandika akisha kulala, na mkubwa wao wa miaka 16 anasimamia sarufi akirudi shuleni. Mimi nina Kifaransa jioni yetu, kule ni asubuhi, tofauti ni saa 6, baridi yao ikiingia inakuwa 7, na hizo saa zangu haziingii kwenye hesabu ya serikali, ni zawadi.

Kitu kingine alitupa, bila kuongeza bei: kielelezo cha rejista kilichopigwa chapa. Nilipokiona nilicheka kwa furaha ju ni rejista yetu ya primere kabisa, tarehe, yupo hayupo, somo, saa, na chini jumla ya mwezi. Nikamfundisha mudogo wangu namna ya kufunga mwezi, biki ya buluu kwa mahudhurio, nyekundu kwa jumla, na usiache mstari mtupu. Kila Ijumaa ananitumia foto ya ukurasa. Kwenye ripoti ya alama nilimwambia aandike kama biletini, somo, alama, juu ya ngapi, asilimia. Mwalimu wa Kongo anajua karatasi kuliko mtu yeyote, na kwa jambo hili la Kentucky karatasi njo ulinzi wako.

Swali lililonisumbua zaidi niliuliza mwisho: na diplome? Huku kwetu hata mtu akisoma peke yake anajiandikisha otodidakti, anapita lile jaribio la kwanza, anakaa Examen d'État, mtihani wa mwisho wa sekondari, pamoja na wengine, serikali inamtolea diplome, basi. Kule haiko. Kentucky haimtolei mtoto wa nyumbani diplome ya jimbo, mzazi mwenyewe anaandika diplome na orodha ya masomo na alama, au kijana anafanya GED, mtihani wa kupata cheti kinacholingana na cha sekondari, na vyuo vinaangalia mitihani ya kuingilia chuo kama ACT na SAT. Kusema kweli sikuipenda hii na mpaka leo siipendi. Mtoto wa miaka 11 bado yuko mbali, lakini mzazi anayefikiria kusomesha nyumbani mpaka mwisho aijue toka siku ya kwanza, na atunze kila ripoti ya alama kama anavyotunza pasipoti. Dada wa biro aliisema wazi, hakuificha ili tufurahi, na hiyo pia naihesabu upande wake mzuri.

Sa mabaya. Chumba ni kidogo mno. Wanaongojea wanakaa pale pale nyuma yako na wanasikia kila kitu, mambo ya visa, ya ndoa, ya mtoto anayelia, yote. Mambo ya familia si ya kusikiwa na kila anayepita kufanya fotokopi. Mimi mwenyewe nikingojea nilisikia ya papa mmoja ambaye kijana wake yuko Pennsylvania na ana watoto wa kusomesha nyumbani, na nilimhurumia, ju kule si barua tu: kiapo chenye muhuri wa notari kwa mkubwa wa distrikti, mzazi awe amemaliza sekondari au ana cheti kinacholingana, ushahidi wa chanjo, siku 180 au saa 900 kwa primere na 990 kwa sekondari, mitihani sanifu (ya kumlinganisha mtoto na wengine) kwenye klase ya 3, ya 5 na ya 8, faili la kazi za mtoto mwaka mzima, na mtu mwenye sifa anayelipitia na kuandika kwamba mtoto anasoma, na hati yake ifike kwa distrikti kabla ya tarehe 30 Juni. Yule papa alishika kichwa. Nilijifunza, ndiyo, lakini haikuwa haki yangu kusikia. Dada, kama unasoma hii, weka hata pazia na benchi nje.

La pili, intaneti inalegea na zile dakika za kungojea ukurasa ufunguke zinahesabiwa ndani ya saa yako. Siyo sawa. Apakue kurasa za majimbo makubwa asubuhi, aweke tarehe juu yake, intaneti ikikatika asome kutoka pale. Ana mafaili ya makaratasi ya majimbo kadhaa, New York niliiona ni nene kweli, kule mzazi anatuma taarifa ya nia kabla ya tarehe 1 Julai, mpango wa masomo wa kila mtoto, ripoti nne kwa mwaka na kipimo mwisho wa mwaka. Lakini nilipouliza karatasi hizo ni za lini alisema hataki kuzitegemea bila kuhakikisha kwenye ukurasa wa serikali, na baada ya kisa cha Ohio nilimwelewa.

La tatu, saa za kazi. Anafunga saa kumi na moja jioni, ambayo kule Louisville ni asubuhi, mtu aliyefanya kazi usiku ndiyo kwanza anaweka kichwa kwenye mto. Jumamosi moja kwa mwezi abaki mpaka saa mbili usiku, ndugu zetu wa kule waweze kuingia kwenye simu wakiwa macho.

La nne ni bei. Mimi dola 15 nilizipata, lakini mama anayeuza soko la Kenya au la Katuba, ana binti yake kule mwenye shida ile ile, makuta hayo ni chakula cha siku ngapi? Nilimwambia uso kwa uso. Akasema familia tatu za jimbo moja zikija pamoja zinagawana saa moja. Ni jambo jema, ila hakuliandika mahali popote, kwa hiyo naliandika mimi: mkiwa na watu wa jimbo moja, jipangeni, mwende pamoja, na hapo hata shida ya siri inapungua kidogo ju mmekubaliana.

Wengine wataniuliza kwa nini kulipa wakati kurasa ziko wazi kwenye intaneti. Kama unasoma Kiingereza vizuri, kweli huhitaji mtu, fungua ukurasa wa wizara ya elimu ya jimbo, tafuta sehemu ya kusomesha nyumbani, soma. Kuko pia shirika la HSLDA, toka 1983 linatetea familia zinazosomesha nyumbani, lina maelezo ya kila jimbo na ramani ya rangi inayoonyesha wapi masharti ni mengi na wapi ni machache, dada wa biro analitumia kama jicho la pili. Lakini hao ni watetezi, wana upande wao, kwa hiyo yeye anaanza na serikali kisha anaenda kwao, si kinyume, na mimi naona ni mpangilio mzuri. Kwa sisi ambao Kiingereza chetu ni cha salamu, tunalipia macho ya mtu anayesoma bila kuongeza chumvi.

Nampa 4 juu ya 5. Ile moja ni ya pazia na intaneti.

Mkienda, chukueni anwani kamili ya ndugu yenu pamoja na namba ya posta ya mtaa, ju distrikti inajulikana kwa hiyo, umri wa kila mtoto na klase yake, tarehe ya masomo kuanza kule, na barua ya mwisho waliyopokea kutoka shuleni ipigwe foto yote, mbele na nyuma. Ndugu wa kule awe kwenye simu toka mwanzo, si mwisho, na mega za intaneti mnunue wenyewe ju za biro hazitoshi video. Jumatatu asubuhi msiende, foleni inafika mpaka kwenye mashine ya fotokopi. Jumatano mchana nilikuta hakuna mtu.